Siku Tatu Korfu, na Mlango wa Shangazi

Melbourne, 6 Februari 1989

Shangazi yangu Teodora,

Nakusalimu kutoka kwenye joto linaloyeyusha lami. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na paka wako, na hata yule jirani wa chini unayegombana naye. Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua. Daktari amemkataza kusimama dukani, kwa hiyo siku hizi anakaa kwenye kiti nyuma ya jiko la kukaangia samaki na kutuamrisha sote akiwa hapo. Mimi naendelea na ualimu, na Jumamosi nafundisha Kigiriki watoto wasiotaka kujifunza Kigiriki. Kabla hujauliza, bado sijaolewa.

Shangazi, nakuja. Kuna semina ya walimu Athens mwezi wa nne, na ikiisha nitakuwa na siku tatu za kufika Korfu, Alhamisi Kuu mpaka Jumamosi Kuu. Nina miaka ishirini na sita, nimelelewa kwa hadithi za Korfu, na sijawahi kuikanyaga. Niandikie ya kuona na ya kufanya, nisije nikarudi huku nikawa mtu aliyekwenda Korfu akaona hoteli.

La pili ni zito zaidi, ndiyo maana nimeliweka mwisho. Siji peke yangu. Baba anakuja nami. Moyo wake si mzuri tena, na daktari amemruhusu safari hii moja. Anasema atalala hotelini na hatamsumbua mtu. Lakini juzi tukifunga duka aliniambia kuwa anachotaka ni kusimama mara moja tu kwenye roshani ya nyumbani kwao, asubuhi ya Jumamosi Kuu, mitungi ikitupwa. Hajui kwamba nakuuliza hili. Roshani ni yako sasa, basi nakuuliza wewe: utamfungulia mlango?

Mwanao,
Diamantina


Korfu, 2 Machi 1989

Mwanangu Diamantina,

Barua yako ilikuja siku ya mvua, ikanikuta mzima, Mungu na Mtakatifu Spiridoni wasifiwe. Paka alikufa kabla ya Krismasi, lakini amekuja mwingine, mwizi kuliko yule. Jirani wa chini bado anatundika shuka zake mbele ya dirisha langu, nami bado namwagilia maua yangu saa ileile anapozitundika. Kuhusu kuolewa, pole, na hongera pia, maana nimezitazama ndoa nyingi kutoka juu hapa.

Siku tatu ni chache, lakini mwenye miguu zinamtosha. Alhamisi shuka kwenye kiwanja cha Spianada, ukae chini ya matao ya Liston, uagize soda ya tangawizi. Waingereza walituachia soda hiyo na mchezo wa kriketi, soda naielewa. Kahawa usinywe pale, bei yake imewekwa kwa ajili ya watu wasiorudi tena. Vuka daraja uingie Ngome ya Kale, upande mpaka kwenye mnara wa taa, uitazame Albania ukipenda, haina ada. Ukishuka utakuwa na njaa. Nyuma ya soko la mboga kuna mama anayepika jogoo kwa nyanya na mdalasini, anamwaga juu ya makaroni, ukila utasahau jina lako. Nakumbuka sasa kwamba itakuwa Kwaresima na hatakuwa amewasha jiko la nyama. Basi mwambie akupe pweza.

Ijumaa Kuu kila kanisa hutoa jeneza lake la Kristo lililojaa maua, na kila jeneza lina bendi nyuma yake. Hupita vichochoroni tangu mchana mpaka usiku. Usikimbilie huku na huku kama Waathene. Chagua kona moja usimame, mji mzima utapita mbele yako. Jumamosi asubuhi mwili wa Mtakatifu Spiridoni unatembezwa mjini, na saa tano kengele zikilia watu wanatupa mitungi ya maji kutoka madirishani. Ukiokota kigae, kiweke, kina baraka. Mashua ya Kisiwa cha Panya ni ya kupigia picha tu. Halua nyeupe ya lozi nunua kwa mzee wa kona ya kanisa, si kwa mwanawe, anatia unga.

Lakini mimi ningekushauri uje Oktoba. Pasaka watu hapa ni kama siafu, na roshani zote zimekodishwa na Waitalia. Ukishikilia kuja, kuna hoteli safi karibu na bandari ya zamani. Mwenyewe anapuliza katika bendi ya Juu, ileile ya baba yangu, mtu wa kuaminika. Njoo na sweta.

Shangazi yako,
Teodora


Melbourne, 19 Machi 1989

Shangazi,

Pole kwa paka, na karibisha mwizi kwa niaba yangu. Mama hajambo kidogo. Dukani tumebadilisha mafuta, wateja wanalalamika kwamba samaki sasa wana ladha ya samaki.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Umeniambia habari za pweza, za halua, za unga kwenye halua, hata za Albania. Baba hukumtaja hata kwa herufi moja. Nilikuuliza mlango, ukanijibu sweta.

Nilimwuliza Mama ugomvi wenu ulitoka wapi, akasema, waulize wapuliza matarumbeta. Nikamwuliza Baba. Alizima redio akanieleza. Nakuandikia alivyosema ili unisahihishe kama amedanganya.

Anasema Babu Sosipatros alipuliza besi katika bendi ya Juu tangu ujana wake. Baba naye alianzia humo na tarumbeta, mpaka alipompenda Mama, ambaye baba yake alikuwa kiongozi wa bendi ya Chini. Wakwe wakasema binti haolewi na kofia ya Juu. Baba akabadili kofia. Babu akamnunia mwaka mzima, na kabla hawajapatana, Babu akafa. Siku ya mazishi bendi ya Juu ilikuja kumsindikiza mtu wao. Baba naye akaja na bendi ya Chini, sare kamili. Zikakutana kwenye kona ya kichochoro chenu, kila moja ikitaka itangulie mbele ya jeneza, na hakuna iliyokubali kurudi nyuma hata hatua. Jeneza likakaa juani mpaka padri akachoka, akaamuru wote wanyamaze. Babu akaenda kaburini bila hata sauti ya filimbi.

Anasema ulimngoja mlangoni aliporudi, ukamwambia, "Leo nimezika wawili." Miezi miwili baadaye alipanda meli kuja huku.

Sikumwuliza kama anajuta. Aliniambia mwenyewe kwamba hakuleta ile bendi kwa kiburi. Alitaka baba yake amsikie akipuliza, kwa kuwa alipokuwa hai alikataa kumsikia. Kisha akawasha redio, akaongeza sauti.

Shangazi, tiketi zimeshakatwa. Nakuomba neno moja tu, ndiyo au hapana.

Diamantina


Korfu, 3 Aprili 1989

Mwanangu,

Mimi ni mzima, paka ni mzima, jirani kwa bahati mbaya naye ni mzima. Mama yako mwambie afunge goti kwa jani la kabichi lililopashwa moto, si hayo madawa ya kupaka ya huko.

Neno moja hulipati. Umeanza wewe kufukua, basi utasoma mengi.

Baba yako hakudanganya. Nilisema nimezika wawili, na nilimaanisha. Lakini kuna jambo hakukueleza, maana yeye alikuwa kwenye kona akishindana na wanaume wenzake, na mimi nilikuwa nyuma ya jeneza. Baba yetu alipuliza besi katika mazishi ya kila mtu wa mji huu, tajiri na maskini, juani na mvuani. Watu waliomtukana aliwapulizia. Alikuwa akiniambia jikoni, "Dora, siku yangu ikifika utanisikia mpaka makaburini Garitsa." Tulimsindikiza mpaka Garitsa. Nilisikia viatu tu, viatu vya watu juu ya mawe. Tangu siku ile, Ijumaa Kuu bendi zikianza nafunga madirisha na kukaa na paka.

Unaniambia alitaka asikike. Nami nilitaka kusikia. Angeweza kuja peke yake na tarumbeta lake, akasimama pembeni, hakuna mtu wa Juu ambaye angemfukuza mtoto wa marehemu. Alichagua kuja na watu arobaini. Mkaidi yule tangu tumboni, na mimi namjua kwa kuwa tumbo ni lilelile.

Kwa hiyo jibu ni hapana. Aje Korfu, mji si wangu. Roshani ni yangu. Simfungulii.

Kama mnakuja kweli, Jumamosi asisimame upande wa duka la kofia, vigae hugonga ukuta na kurudi. Avae viatu vya kufunika vidole, asijifanye kijana kwa kandambili. Mtu mwenye moyo mbovu hapandishwi Ngome ya Kale; mwache chini kwenye benchi, upande wa bahari kuna kivuli mpaka mchana. Siku ya kufika asile chochote kizito. Supu ya usiku wa Pasaka, ile ya matumbo ya kondoo, asinywe ya hotelini, wanaacha mafuta yote juu. Zamani akinywa na limau nyingi alikuwa akikohoa usiku kucha, sijui kama bado. Dawa zake azibebe mkononi, si kwenye sanduku, maana sanduku hupotea Athens. Hoteli mwambieni awape chumba cha chini, lifti yao imekufa tangu mwaka jana. Na asilale upande wa bandari, upepo wa asubuhi hautamfaa.

Nimemaliza. Msinibishie hodi.

Teodora


Melbourne, 15 Aprili 1989

Shangazi mpenzi,

Tuko katikati ya masanduku, kwa hiyo nisamehe kwa ufupi. Mama anakusalimu, hatakuja, goti limekataa ndege. Ametoa sare ya zamani ya Baba kwenye kabati, akaitazama, akairudisha.

Jibu lako halijanifikia. Nimekuwa nikiuliza kila nirudipo kazini. Siku hizi Baba ndiye anayetoka kuchukua barua kwenye sanduku la getini, daktari amemwambia atembee kidogo kila siku, na kila siku ananiambia hakuna. Mwishowe nilimweleza kwamba nilikuandikia kuhusu roshani. Nilidhani atakasirika. Alikuwa anapiga pasi shati, hakuacha. Akasema, "Kunyamaza ni kukubali. Tutakwenda."

Basi tutakwenda. Nimechukua hoteli uliyosema. Baba alishikilia tupewe chumba cha chini. Jumamosi asubuhi, kabla Mtakatifu hajapita, tutakuja kubisha hodi. Ukiwa hutaki, usifungue, tutaelewa, na sitakuuliza tena.

Nina hofu, Shangazi, nakwambia ukweli. Yeye simuoni na hofu.

Diamantina


Melbourne, 14 Mei 1989

Shangazi yangu,

Kristo amefufuka. Nimefika salama, ndege ilichelewa Singapore na nikamaliza halua yote uwanjani, kwa hiyo Mama hajaionja na ameninunia. Alininunia zaidi siku mbili za kwanza kwa sababu nilimrudia bila mume wake. Mimi niliondoka na mtu mmoja mzima na sanduku, nikarudi na sanduku. Nilimweleza kama Baba alivyonieleza bandarini, kwamba moyo wake hauwezi kupanda ndege mbili karibu hivyo, na kwamba wewe umesema chumba cha nyuma kiko tupu tu. Mama akasema moyo huo aliuoa yeye na anaujua. Sasa anauliza bei ya tiketi za Septemba.

Siku zangu tatu nimezitumia ulivyonifundisha. Nilikunywa soda ya tangawizi, nikatazama kriketi, sikuielewa pia. Nilipanda ngome peke yangu. Baba alikataa, akasema atangoja kwenye benchi upande wa bahari, kuna kivuli. Mama wa pweza nilimpata. Ijumaa tulichagua kona moja tukasimama. Zilipopita bendi zote mbili Baba alivua kofia kwa kila moja, akaivaa, akaivua tena, mpaka mtu mmoja akamwuliza, "Mzee, wewe uko upande gani?" Baba akamjibu, "Wa marehemu."

Kuna jambo moja silielewi, nalifikiria mpaka darasani. Asubuhi ile ulipofungua mlango ulitutazama kwa muda mrefu. Hukutusalimu. Ulimtazama Baba miguuni, ukapandisha macho, kisha ukaniuliza mimi, "Barua yangu mliipata?" Nikasema hapana, Shangazi, haikufika. Baba alikuwa anatazama ukuta. Nikaona mkono wako bado uko kwenye komeo, na nikajua hapo ndipo mambo yote yalipo, mlango ule unaweza kwenda upande wowote. Halafu ukasema, "Posta ya Australia ni ya hovyo. Pandeni, ngazi zinateleza."

Kengele zilipolia ukampa mtungi mkubwa, ukadai mikono inakuuma. Asubuhi hiyohiyo nilikuona ukibeba jiko. Sitasahau alivyoutupa, wala ukelele wa watu chini, wala bendi zilivyotokea baada ya hapo zikapita moja nyuma ya nyingine, na nyinyi wawili mmeegemea chuma cha roshani bila kutazamana. Sijawahi kumwona baba yangu akilia. Nilikwenda ndani nikajifanya nacheza na paka.

Barua hiyo ilisema nini? Mpaka leo haijafika.

Wako,
Diamantina


Korfu, 4 Juni 1989

Mwanangu Diamantina,

Kweli amefufuka. Wifi yangu Stamatia umpe salamu zangu, kwa jina, na umwambie Septemba bahari bado ina joto na ngazi zangu zina mahali pa kushika. Halua nitamtumia, wewe usiiguse.

Baba yako hajambo. Asubuhi anatembea mpaka Liston, anakaa na yule mwenye hoteli, wanabishana bendi ipi ilikosea noti mwaka wa arobaini na nane. Anarudi amechangamka. Mchana analala. Jirani wa chini amempenda, anamletea malimau, na sasa shuka zake anazitundika upande wa pili, kwa hiyo sina tena wa kumwagilia maji. Daktari wa hapa anasema moyo ni uleule, haukupona wala haukuzidi. Tunamtii.

Umeuliza barua. Ilisema hapana, mwanangu. Ilisema simfungulii, na msinibishie hodi. Niliiandika nikiwa nataka kila neno. Ulipoandika kwamba haijafika, nilikaa na barua yako Wiki Kuu nzima nikimwomba Mtakatifu anieleze nifanye nini, na hakunieleza, alikuwa na shughuli zake. Nilishuka ngazi siku ile bila kujua mkono wangu utafanya nini.

Baadaye hofu ikanishika upya. Niliwaza, barua hiyo iko njiani, itafika Melbourne, Stamatia ataifungua, na baba yako atajua niliyoandika juu yake. Juzi tulikuwa mezani tunamenya njegere mbichi, yeye na bakuli lake, mimi na langu. Nikaona nimwambie kabla hajaambiwa na mwingine. Nikasema, Iasonas, kuna barua yangu itafika kwenu, usiihesabu.

Hakuinua kichwa. "Ilifika kabla hatujaondoka," akasema. "Niliitoa kwenye sanduku la getini, nikaisoma, nikaiweka mfukoni."

Nilimwuliza kama aliisoma yote. Akasema yote. Nikamwuliza kama aliona mahali niliposema simfungulii. Akasema aliona.

"Sasa ulikuja kubisha hodi kwa nini?"

"Dora," akasema, "anayekufukuza huandika mstari mmoja. Wewe uliandika kurasa nne."

Niliinuka nikaenda jikoni, nikasimama mbele ya jiko lisilowashwa nikalia, na sikufichi, nililia kwa furaha, furaha ambayo sikuijua tangu baba yetu akiwa hai. Hakunifuata, ananijua. Niliporudi mezani alikuwa amemaliza bakuli lake na ameanza langu.

Shangazi yako,
Teodora